Tunamgombania panya, dawa inaharibikia kwenye friji

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp sasa hivi, mie nimeletewa kutoka Unguja na kutoka Pemba siku moja, mzee mmoja anawaonya kina mama wasikubali zile sindano za saratani ya matiti kwa sababu ati zinatolewa kwa panya na ukichomwa unaingiziwa "jini la panya". Nafikiri alikusudia jeni, ila kwa ninavyowajua watu wetu hilo jini ndilo lililoipeleka sauti kama moto wa makuti. Wakatokea vijana wasomi kumjibu, wakamcheka weee, halafu na wao wakaja na lao: Umoja wa Afrika umeweka lengo ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe hapa hapa barani, basi na sie tujenge kiwanda pale Fumba, tutoe kingamwili zetu wenyewe, yaani zile protini za kinga ya mwili ambazo ndizo zilizomo kwenye sindano hizo za saratani, tusibabaishwe na mtu. Nimewasikiliza wote, na naona huyu kashika panya, wale wameshika kiwanda, na kinachotuumiza hasa hakuna anayekitaja. Kinachotuumiza ni baridi. Dawa hizi zinafika kwetu nzima au zimekufa njiani, na nani kati yetu anaweza kujua? Mie nadhani hapo ndipo pa kugombana, na nitajaribu kueleza kwa nini, ikibidi nirudi nyuma kidogo.

Panadoli ni kemikali, kitu kidogo, wanaichanganya kiwandani kama watu wanavyochanganya sabuni, ukiisahau kwenye droo kule Mkoani, Pemba, mwaka mzima haina habari na wewe. Protini ni mambo mengine. Protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa namna yake, mfano wa ukili ulioshonwa ukawa mkoba: ukiufumua, ukili upo vile vile, hakuna kilichopungua, lakini mkoba huna tena na hutii kitu ndani yake. Kingamwili moja ina nyuzi 4, mbili nzito mbili nyepesi, zimefungana kwa umbo la herufi Y, ndani yake mna asidi amino, vile vipande vinavyounda uzi, zaidi ya 1,300 na kila moja ina nafasi yake. Kuishona kwa kemikali tupu haiwezekani kikazi. Anayeweza ni seli hai tu, ndiyo kazi yake toka ulimwengu uumbwe. Kwa hiyo wataalamu wanachukua jeni, yaani maandishi yanayosema uzi ule upangweje, wanaitia ndani ya seli, wanailisha ile seli sukari na chumvi na vitamini, nayo inashona na kumwaga nje, wao wanachuja na kusafisha. Aliyewahi kuweka mkate wa kumimina anaelewa nusu ya kazi hii bila kwenda chuo: joto likizidi umeharibu, likipungua haumuki, ukiuacha mno unachacha. Na seli kwenye tangi nazo zinachacha hivyo hivyo, zinakula sukari zinatoa asidi, mtu asipoangalia zinajiua kwa taka zao wenyewe.

Mfano ulio karibu yetu zaidi ni sindano ya sukari. Kabla ya miaka ya 80 karibu insulini yote duniani ilikuwa inatolewa kwenye kongosho la nguruwe au la ng'ombe, na ilikuwa inachukua zaidi ya tani 2 za viungo vya nguruwe kupata kama robo kilo ya insulini safi. Mwaka 1978 kampuni ya Genentech kule California ikafanikiwa kutoa insulini ya binadamu kwenye bakteria aina ya E. coli, 1982 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani, na kuanzia hapo nguruwe akaanza kutoka taratibu kwenye mkono wa bibi yako. Naomba hili likae kichwani maana nitalirudia: teknolojia anayoiogopa mzee wa kwenye sauti ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa nguruwe.

Sasa panya kaingiaje? Tuwe wakweli, mzee hakuokota maneno barabarani. Bakteria anashona uzi wa insulini vizuri kwa sababu ni mfupi, lakini kingamwili inataka kupambwa vijisukari fulani pembeni ili mwili wa mtu uitambue na ifanye kazi yake yote, na bakteria hajui mapambo hayo. Inatakiwa seli ya mnyama anyonyeshaye. Mwaka 1975 kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, ikapatikana seli inayotoa kingamwili ya aina moja bila kuchoka na bila kufa, na 1984 wakapewa Nobel. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani 1986, na ile kweli ilikuwa ya panya mtupu, mwili wa mgonjwa ukaiona ngeni ukaipiga vita. Ndipo wakaanza kuondoa sehemu za panya na kuweka za binadamu. Herceptin, hiyo ya saratani ya matiti inayosemwa, iliyoruhusiwa 1998, imebaki na alama ndogo ya panya kwenye ncha za mikono yake, zile ncha zinazokamata, kilichobaki chote ni umbo la binadamu. Na seli inayoishona si ya panya wa darini kwako. Ni ya hamsta wa Kichina, mnyama mdogo jamii ya panya mwenye mashavu ya kuwekea chakula, ambaye mababu zake walitolewa China 1948 wakapelekwa Marekani, na 1957 Theodore Puck kule Denver akachukua seli za ovari ya mmoja wao akazikuza kwenye chupa. Hazijaacha kugawanyika mpaka leo. Sindano nyingi za kingamwili zinazotoka viwandani zinatokana na watoto wa watoto wa seli zile. Hakuna hamsta anayechinjwa kwa ajili ya sindano ya mama yako, yule aliyetoa seli keshakufa zamani, kabla ya Mapinduzi.

Nianze kujibu lile lililo dhaifu kabisa, kwamba jeni ya panya inaingia ndani yako unageuka. Kwanza dawa ni protini, si jeni. Jeni inabaki kwenye seli, seli zinachujwa zikatupwa, kinachobaki kinapitishwa kwenye asidi na vichujio vyenye matundu madogo kiasi kwamba hata virusi haviponyoki, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo kwamba mabaki ya DNA ya seli, yaani jeni zenyewe, yasizidi nanogramu 10 kwa dozi, yaani gramu moja uigawe mara bilioni moja halafu uchukue vipande kumi. Tangu unazaliwa umekula jeni za kuku, za changu, za muhogo, kila siku kwa vijiko. Umekula pweza Forodhani miaka yote hiyo, mbona hujaota minyiri?

Lakini lipo lililo zito, na vijana wasomi wamekosea kulicheka. Muislamu ana haki ya kuuliza alichotiwa mwilini kimegusana na nini. Na jawabu la kweli si "hakuna kitu" kama baadhi yao wanavyojibu haraka haraka. Kwa miaka mingi maabara zimetumia tripsini, kimeng'enya cha kongosho la nguruwe, kubandua seli kwenye chupa, na maji ya damu ya ndama kuzilisha. Viwanda vya leo vingi vimehama, vinatumia chakula cha seli kisicho na kitu chochote cha mnyama, si kwa ajili yetu sie bali kwa kuogopa magonjwa ya mifugo yasiingie kwenye tangi, ila faida ni yetu pia. Kuna na seli nyengine zinaitwa HEK293, asili yake figo ya kijusi, zilitengenezwa Leiden, Uholanzi, 1973, na hizo zina ubishi wake mzito wa kimaadili, japo kwa dawa za kingamwili zinazouzwa, hamsta ndiye anayetawala. Masheikh wana mlango wao wa istihala, kitu kikabadilika kikawa kitu chengine kama tembo linavyokuwa siki, mlango ambao Mahanafi wameufungua kwa upana na sie Mashafi tumeubana, na kuna mlango wa dharura. Mie si sheikh, siwezi kutoa fatwa kwenye makala. Ninachosema ni kwamba ukichukua hofu hiyo ukaifuata kwa akili mpaka mwisho, inakupeleka kuzitaka dawa hizi za seli, si kuzikimbia. Angalia heparini, ile ya kuzuia damu isigande, inatumika hospitali dunia nzima: haitoki kwenye seli za tangini, mpaka leo kwa sehemu kubwa inatolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Hakuna aliyerekodi sauti kuhusu heparini. Anayemuogopa nguruwe kwa dhati alitakiwa asimame mbele kudai heparini nayo itafutiwe njia ya maabara.

Tena jambo hili si geni kwetu kama tunavyojifanya. Mwaka 2009 shehia kadhaa za Unguja na Pemba, Chumbuni na Mwambe zikiwemo, zilinywa chanjo ya kipindupindu, unachanganyiwa na maji na ile soda yake unakunywa. Ndani yake mlikuwa na protini iliyotengenezwa kwa njia hii hii ya kupandikiza jeni. Watu walikunywa, utafiti uliofuata ukaonesha imewakinga, na hakuna aliyegeuka. Chanjo ya homa ya ini B wanayochomwa watoto wetu kliniki inatolewa kwenye hamira, na katika hamira kuna aina ile ile ya mandazi na mkate wa ufuta, imefundishwa tu kushona protini ya kirusi. Kile kijiti cha kupima mimba kinachouzwa duka la dawa, mstari unaotokea ni kingamwili zilizokaushwa kwenye karatasi. Kipimo cha malaria cha tone la damu ni hivyo hivyo, na sie Zanzibar bila kipimo kile tusingeweza kuikimbiza malaria nyumba kwa nyumba kama tulivyofanya. Hata kwa kichocho, kipimo cha kutafuta alama za minyoo kwenye mkojo kwa kutumia kingamwili kimeshajaribiwa kwa sampuli za hapa hapa. Maziwa ya panya tumeyanywa zamani, kama ndivyo mtu anavyotaka kuita.

Nije kwa hawa wa kiwanda. Hoja yao ina nguvu na sitaki kuipuuza, 2021 India ilipopatwa na wimbi la korona ilisimamisha kusafirisha chanjo na Afrika tukabaki tunaangalia barabara. Asiye na chake hana sauti, sawa. Lakini nimepiga hesabu yangu. Tangi la kawaida la lita 10,000, kila lita ikitoa gramu 3 za kingamwili, ambayo siku hizi si ajabu, ni kilo 30 kwa mpigo mmoja wa kama wiki mbili. Toa theluthi inayopotea kwenye kusafisha, zinabaki kilo 20. Mama wa kilo 60 anayetibiwa kwa Herceptin mwaka mzima, sindano kila wiki tatu, anatumia kama gramu 6 na nusu. Yaani wiki mbili za tangi moja zinatosha kina mama 3,000 kwa mwaka, na dawa yenyewe inamfaa karibu mmoja katika kila watano wenye saratani ya matiti. Zanzibar nzima kwa sensa ya 2022 haijafika watu milioni 2. Kiwanda kingefanya kazi wiki mbili kikalala wiki 50, na kilichogharimu mamia ya mamilioni ya dola hakilali bure, riba haijui sikukuu.

Halafu kuna umeme. Seli zile zinataka nyuzi joto 37, hewa inabubujika mchana na usiku, hewa ikikatika hazingoji mtu atafute ufunguo wa jenereta. Sie ni watu ambao 2008 waya wa baharini ulituachia giza Unguja nzima karibu mwezi, na Disemba 2009 likarudi tena miezi mitatu, maji hakuna, samaki wanaoza Darajani. Waya mpya umekuja, Pemba nayo ikapata wake kutoka Tanga 2010, hali si ile tena, lakini muulize mwenye mgahawa Wete ana imani gani. Na hata wenye umeme wa uhakika wanaanguka: 2009 kiwanda cha Genzyme kule Allston, Massachusetts, kiliingiliwa na kirusi kimoja tu kwenye matangi, kikafungwa, wagonjwa wa maradhi adimu dunia nzima wakapunguziwa dozi kwa sababu hakukuwa na kiwanda chengine.

Watasema Cuba. Na hapa ndipo napenda wanapofika, maana Cuba ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote na wanaitumia vibaya. Kisiwa, masikini, kimewekewa vikwazo, madaktari wake tumewazoea na vijana wetu wa udaktari wamefundishwa nao, na kinatengeneza chanjo yake ya homa ya ini B na kingamwili zake. Kweli. Ila walianzaje? Mwaka 1981 walipeleka watu sita Helsinki, Finland, kwa mtaalamu Kari Cantell wajifunze kutoa interferoni, protini ya kinga inayopigana na virusi, kwenye damu, wakarudi Havana wakaanza kwenye nyumba, nyumba ya kuishi watu, si kiwanda. Kituo kikubwa kilifunguliwa 1986, watu wameshapikika miaka mitano. Sie tunataka kuanza na jengo na utepe wa kukata.

Sasa baridi. Kichupa cha Herceptin, kichupa cha insulini, chanjo ya homa ya ini, vyote vinataka nyuzi joto 2 mpaka 8 kuanzia kiwandani mpaka kwa mgonjwa. Hesabu safari: ndege mpaka Dar, gari mpaka bandarini, boti mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, kwa Pemba meli tena mpaka Mkoani, gari mpaka kituoni. Kila mahala pana jua na pana mtu ana haraka. Joto watu wanalijua, kuna mpaka alama kwenye kichupa cha chanjo, kile kiboksi ndani ya duara ambacho kikipata joto kinazidi kuwa cheusi mpaka kinafanana na duara lake, hapo unatupa. Ugonjwa usioonekana ni ule wa kuganda. Kile kiboksi hakisemi kitu dawa ikiganda. Mtu mwema kabisa, kwa kuogopa joto, anaibananisha chanjo na barafu kwenye kuli, lile sanduku la kubebea vitu vya baridi, au anaweka insulini nyuma kabisa ya friji penye ukuta wa theluji, inaganda usiku, asubuhi inayeyuka, kwa macho ni maji yale yale. Mkoba umefumuka. Chanjo ya homa ya ini ukiitikisa na kuiacha inatuama haraka kuliko nzima, ukiwa umefundishwa utaona. Kingamwili ya saratani iliyo safi kama maji, utaona nini? Mgonjwa anachomwa, uvimbe unaendelea, na kijijini wanasema dawa za panya hazifanyi kazi. Huo ndio wasiwasi wangu mkubwa na ile sauti, kwamba friji mbovu litaipa ushahidi.

Shangazi yangu Konde anaweka insulini yake kwenye mfuko wa nailoni, anauning'iniza ndani ya mtungi wa maji, mtungi uko kivulini kwenye upepo. Watoto wake wanamuonea haya, wanataka kumnunulia friji. Nikamwambia shangazi usisikilize, kichupa ulichokwisha kukifungua kinavumilia kama wiki nne ikiwa joto haliendi mbali, na huo mtungi haujawahi kuganda wala haukatiki umeme. Ana akili ya baridi kuliko vituo vingi vyenye friji la milango miwili.

Kwa hiyo fedha zikiwepo, mie ningezitia huku: vile vijidude vidogo vinavyorekodi joto kila dakika kumi, kimoja ndani ya kila kuli linalopanda boti na kila friji ya dawa, na mtu anayelipwa kuvisoma. Dawa nakala za kingamwili, ambazo hataza za mwanzo, yaani haki za mgunduzi, zimekwisha na Shirika la Afya Duniani limeanza kuzikagua na kuzithibitisha tangu 2019, tununue pamoja na Bara kwa tenda moja, na kwenye tenda hiyo tuandike tunataka zilizokuzwa bila kitu cha mnyama, hapo swali la sheikh litajibiwa kwa karatasi ya muuzaji badala ya ubishi wa barazani. Na kwa vijana wenye hamu ya kutengeneza, ipo maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Pemba, tangu 2000, kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, waanze na bakteria. Waanze na kimeng'enya cha Taq kinachotumika kwenye vipimo vya PCR, vile vya kuzidisha DNA ili ionekane, jeni yake inatoka kwa bakteria wa chemchemi za moto, hataza imeisha, kinatoka kwenye E. coli ndani ya chupa ya lita moja, na ni katika protini chache ambazo hazitaogopa joto letu. Baadaye vipimo vya karatasi. Havipigwi picha vizuri kama kiwanda, najua.

Wiki iliyopita niliingia duka moja la dawa mjini, sitalitaja, nikamuuliza kijana hii friji ya insulini iko nyuzi ngapi. Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama yake. Akafungua mlango, akasogeza chupa mbili za soda, akatia mkono ndani akauacha kidogo, akanambia, "Baridi ipo, mjomba."